Utabiri wa mvua usomwe pamoja na asilimia zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu wakulima wa Nyanda za Juu Kusini kila msimu. Ikifika Novemba, kuanzia Mbozi mpaka Isimani, maneno ni yaleyale: watu wa hali ya hewa walisema mvua chache, mbona inanyesha? Au walisema mvua nzuri, mbona mahindi yamekauka? Kisha hukumu inatoka kwamba wataalamu wanabahatisha, na mwaka unaofuata taarifa yao haisikilizwi na mtu.

Sisemi kwamba wataalamu hawakosei. Wanakosea, na ni haki yetu kuwauliza. Ila utabiri tunaowashtakia mara nyingi si ule walioutoa, kwa sababu hupunguzwa njiani kabla haujamfikia mkulima.

Tuchukue mfano. Utabiri wa msimu hueleza uwezekano wa mambo matatu: mvua chini ya wastani, mvua za wastani na mvua juu ya wastani. Tuseme kwa wilaya fulani ni asilimia 45 chini, 35 wastani na 20 juu. Kinachosomwa redioni ni fungu lenye asilimia kubwa tu, "mvua chini ya wastani", na mkulima anaelewa kuwa ni ukame. Lakini jumlisha 35 na 20 upate 55. Uwezekano wa msimu kuwa wa kawaida au mzuri zaidi ni mkubwa kuliko wa kuwa mbaya! Mvua ikinyesha vizuri mwaka huo, hakuna aliyedanganya. Katika misimu kumi yenye utabiri wa namna hiyo, minne au mitano ndiyo ya kutarajiwa kuwa na mvua pungufu.

Neno "wastani" nalo linahitaji kufafanuliwa kila linapotamkwa. Katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mvua za wastani ni zile zinazoangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha miaka mingi. Iringa mjini hupata takriban milimita 600 kwa mwaka. Kwa hiyo milimita 450 ni wastani na milimita 750 pia ni wastani, ilhali kwa mwenye mahindi hiyo ni miaka miwili tofauti kabisa. Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000, nayo mvua zake huelezwa kwa neno hilohilo.

Tena jumla ya msimu haisemi mvua ilivyotawanyika. Mahindi yanayotoa mbelewele na ndevu hutumia milimita 5 hivi za maji kwa siku. Udongo wa kichanga ukishiba hutunza takriban milimita 60 katika kina cha mita moja, hivyo mvua ikikatika siku kumi na mbili akiba imekwisha, na mmea unaanza kuteseka kabla ya hapo. Udongo wa tifutifu wenye mfinyanzi hutunza mara mbili au zaidi. Ndiyo maana wakulima wawili waliopata mvua ileile na kusikia utabiri uleule, mmoja huvuna na mwingine hukuta magunzi yenye punje za kuhesabika. Anayelaumiwa ni mtabiri, hata kama jumla ya mvua ilikuwa vilevile alivyosema.

Milima yetu inaongeza ugumu. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa ikisukumwa kupanda Rungwe na safu za Livingstone, hupoa na kumwaga mvua nyingi upande huo. Usangu iliyo nyuma ya milima hupata masazo. Utabiri wa "Mkoa wa Mbeya" kwa sentensi moja hauwezi kumfaa mtu wa Kiwira, upande wa Rungwe, na mtu wa Igurusi, kule Usangu, kwa pamoja. Hapa lawama naielekeza kwetu tunaopokea na kusambaza taarifa: tudai ya wilaya.

Kuna pia suala la muda. Wengi huuliza, kama mtaalamu hawezi kunihakikishia mvua ya Jumamosi ya wiki mbili zijazo, atajuaje ya miezi sita? Hizo ni hesabu mbili tofauti. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alirudia hesabu yake kwenye kompyuta akaingiza 0.506 mahali pa 0.506127. Haikuchukua muda, hali ya hewa ya hesabu ya pili ikaachana kabisa na ya kwanza. Tofauti ndogo ya leo hukua kila siku, ndiyo maana utabiri wa siku moja hadi tatu ni wa kutegemewa, na ukivuka siku kumi hauwezi tena kutaja siku. Utabiri wa msimu husimama juu ya joto la bahari, ambalo hubadilika polepole kwa miezi. Hata huo una mipaka: El Niño, yaani joto la Bahari ya Pasifiki kupanda kuliko kawaida, ya 2015 ilikuwa kali, lakini mvua zake za vuli hazikufikia zile za 1997, kwa kuwa mwaka 1997 Bahari ya Hindi nayo ilichangia kwa nguvu zaidi. Na athari ya El Niño kwetu, wenye msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili, si dhahiri kama ilivyo kaskazini na pwani.

Hasara kubwa ya kutoamini huonekana kwenye tahadhari. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kutua, na tahadhari ikachekwa. Mei 2024 Hidaya kilifika, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika.

Kwa mkulima, kosa linaloumiza zaidi ni kupandia mvua ya kwanza. Milimita 10 hulowesha sentimita chache za juu tu. Mbegu huchipua, mzizi hukuta vumbi, na kilo 8 hadi 10 za mbegu kwa ekari zinanunuliwa upya. Subiri milimita 20 ndani ya siku tatu, chimba uone unyevu umefika sentimita 15, halafu sikiliza utabiri wa siku kumi kama hauonyeshi mvua kukatika. Mbolea ya urea nayo usiimwage yote kwa mara moja. Gawa: nusu mahindi yakifika magotini, nusu kabla ya mbelewele, na uifukie. Ikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu yake hupotea hewani. Ikipigwa na mvua kubwa mno, naitrojeni yake, ambayo ndiyo chakula cha mmea, huzama chini ya mizizi.

Hizo milimita kila mtu anaweza kuzipima. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, kata pale inapoanza kubanwa kuelekea shingoni, kipande cha juu kigeuze kiwe faneli. Weka kokoto chini, jaza maji mpaka sehemu iliyonyooka, chora alama ya sifuri na ubandike rula. Ifunge kwenye nguzo, mbali na nyumba au mti mara mbili ya urefu wake. Soma saa 3 kila asubuhi, andika, rudisha maji kwenye sifuri. Milimita moja ni takriban lita 4,000 kwa ekari.

Ombi langu kwa gazeti lako ni hili: kila Oktoba chapisheni asilimia zote tatu za kila wilaya yetu, na kila Mei chapisheni kando yake mvua iliyopimwa. Ofisi za kata zibandike hivyohivyo ukutani. Tukifika misimu kumi tukakuta kilichopewa asilimia 60 kimetimia mara mbili tu, tuwaite wataalamu watueleze mbele ya kumbukumbu hizo.

Mdau wa kilimo,
Uyole, Mbeya