Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mambo ya hesabu atasoma mweka hazina, mimi naomba niongelee jambo moja mnalonipigia simu kuliuliza, kile kikundi cha Walutheri wazungu hapa Minnesota tulichokubali kushirikiana nacho, wanafanya nini hasa.

Wanafanya kazi ya kupinga ubaguzi wa rangi na wazungu wenzao, ndo maana nilikubali. Mnajua tulivyochoka kila Februari, mwezi wa historia ya watu weusi hapa Marekani, kuitwa tukaimbe, tupike pilau, halafu tusimuliane tulivyobaguliwa, watu wanafuta machozi na mwaka unaisha hivyohivyo. Hawa wamesema, "Kusoma tutasoma wenyewe." Kwaresma wakasoma habari za Jehu Jones, Mlutheri mweusi aliyebarikiwa uchungaji New York mwaka 1832, kurudi kwao Charleston akatiwa jela. Na Charleston hiyohiyo tarehe 17 Juni 2015 kijana mzungu akaua watu tisa kwenye kipindi cha Biblia kanisa la watu weusi la Emanuel, na kijana mwenyewe alikuwa muumini wa usharika wa ELCA (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani), kanisa letu hilihili. Mzee mmoja wao alinyamaza weee, mwisho akasema huyu ni mtoto wetu, amekaa kwenye mabenchi yetu.

ELCA iliomba radhi rasmi kwa watu weusi mwaka 2019, nashukuru. Lakini ilipoanza 1988 ilijiwekea lengo kwamba ndani ya miaka 10 waumini wasio wazungu au wa lugha isiyo Kiingereza wafike asilimia 10, na utafiti wa 2014 wa shirika la utafiti la Pew ukakuta asilimia 96 ni wazungu. Kwa hiyo mimi siku hizi naangalia vitu vidogo.

Kama ukumbi. Miaka sita tumelipa kodi kwa ibada ya Kiswahili saa nane mchana wakati vikundi vyao vinatumia bure, na tunasubiri nje kwenye barafu na watoto mpaka mtu aje afungue. Safari hii hatukusema sisi, walisimama wao kwenye baraza la usharika wakauliza kwa nini, wakabishana vikao vitatu, familia mbili zikahama kwa hasira. Kodi imefutwa. Ufunguo ninao mimi.

Najua wapo wanaosema ni aibu kutetewa na mzungu. Mimi sioni hivyo jamani, uchafu ni wa nyumba yao waache wafagie. Baraza limetupa viti viwili vyenye kura, leteni majina kabla ya Pentekoste, na mmoja awe mama tafadhali.