Usimtoe Mwaka kwenye bendi kabla hujasoma hii

Salim ndugu yangu,

Habari za siku nyingi, mama hajambo? Mguu wake unaendeleaje? Huku tuko salama, baridi tu ndo haituachi. Najua nimenyamaza tangu Ramadhani, niwie radhi, lakini ile voisi yako ya juzi imeninyima usingizi ndo maana nimekaa kukuandikia barua nzima.

Ati Kibe anasema Mwaka atoke, fidla yake irudi kwenye taarab ilikotoka, eti metali ni metali. Na wewe nakusikia sauti imeshaanza kulegea. Salim, hapana, tafadhali.

Unakumbuka lile basi la usiku la kuja Nairobi, hedifoni moja tumeifunga selotepu, sikio langu sikio lako, tunasikiliza Gothic, ile albamu ya Paradise Lost, bendi ya metali ya Uingereza, mpaka Mtito Andei? Sasa Jumapili nimepanda treni nikaenda Halifax, mji wao wenyewe. Mvua, vilima, majengo ya mawe yamekuwa meusi kwa moshi wa viwanda vya zamani. Nikakaa pale stesheni nikaisikiliza yote upya, mwanzo mpaka mwisho, nikikuwaza wewe na hiyo bendi yenu.

Albamu yao ya kwanza, Lost Paradise ya 1990, ilikuwa deth metali, ile ya kunguruma badala ya kuimba, ya mwendo wa pole, nzito, kavu, basi. Mwaka mmoja tu baadaye, Machi 1991, wakatoa Gothic, na walikuwa vijana wa miaka 20 hivi, hakuna aliyewaruhusu. Rudia ule wimbo wa kwanza wenye jina la albamu. Mwimbaji wao Nick Holmes bado ananguruma vilevile, hakulainisha kitu, ila sasa gitaa la Greg Mackintosh linalia juu yake kama mtu wa msibani aliyeshindwa kujizuia, okestra iko nyuma, na Sarah Marrion anaingia na sauti yake. Ile sauti ya kike ndo inayofanya mngurumo uwe mzito, yaani ni kama koroboi chumbani, ukiiwasha ndo unaona giza la pembeni lilivyo kubwa. Watu leo wakisema gothiki metali, jina lenyewe linatoka hapo.

Na kuhusu fidla, muulize Kibe ile fulana anayoivaa kila wikendi ni ya nani. My Dying Bride wa Bradford, walikuwa lebo moja ya kurekodi na hawa Paradise Lost, Peaceville. Albamu yao Turn Loose the Swans ya 1993 imejaa fidla ya Martin Powell! Anavaa fulana yao halafu anamfukuza mpiga fidla, kweli hapo inaniuma.

Najua ataleta habari ya Host, albamu ya Paradise Lost ya 1999. Sawa, ile hata mimi iliniumiza, gitaa karibu lote limemezwa na mashine. Lakini walijipeleka wenyewe na wakarudi wenyewe, 2015 kwenye The Plague Within Holmes ananguruma tena. Halafu Mwaka hajameza gitaa la mtu. Ile rekodi yenu, pale wewe unanyamazisha nyuzi na yeye anaingia peke yake, nasikia mpaka kiti chake kinalia, nasikia anavuta pumzi kabla hajavuta upinde, halafu drams zinarudi na mwili wote unanisisimka. Nimeirudia sijui mara ngapi. Hiyo ndo sauti yenu, Salim, ya watu waliolelewa na taarab ya harusi za mtaani na metali ya usiku, hamjaiazima kwa mtu.

Juma aliniambia hata yeye yuko upande wa Mwaka ila anaogopa kusema mbele ya Kibe. Ongea naye pembeni. Mimi na Kibe tangu ile habari ya amplifaya... basi, tuiache.

Nitumie ile rekodi nzima basi, isiyokatwa, ya kwangu inaishia katikati. Kwani Mwaka mwenyewe anajua haya yanayosemwa? Umemuuliza anataka nini? Mazoezi bado mnafanyia kule kwa mjomba? Na wewe, acha ya Kibe, wewe mwenyewe ukifumba macho unausikia ule wimbo bila fidla?

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata usiku wa manane, nitapokea.

Msalimie mama sana.

Ndugu yako,
Hamisi