Mkoko huzaa mche, haudondoshi mbegu

Mhariri,

Naomba nafasi nilitetee neno moja la baiolojia: vivipari. Mara nyingi hufafanuliwa kwa ufupi tu kuwa ni "mbegu kuota mtini", kumbe asili yake inasema zaidi, nasi wa Lamu tunaihitaji kila tunapopanda mikoko.

Ni Kilatini: vivus ni hai, parere ni kuzaa (si parare, kutayarisha). Mwenzake ni ovipari, kutokana na ovum, yai. Kuku ni ovipari, mbuzi ni vivipari, na mkoko umewekwa upande wa mbuzi. Ndivyo ulivyo hasa. Mbegu yake haipumziki: huota ndani ya tunda likiwa bado tawini, ikalitoboa, ikateremsha kijiti cha kijani chenye ncha, ambacho huweza kupita nusu mita. Muda wote huo mti mama unakilisha. Kinachoanguka topeni ni mche.

Anayekiita mbegu hukitendea kama mbegu. Hukianika juani, kikafa kwa kukauka, au hukifukia chote, kikaoza. Wewe chuma kijiti ambacho shingoni, kinapokutana na tunda, kimeshatoa pete ya rangi ya manjano, na ambacho kikiguswa kidogo tu kinaachia. Kisicho na pete bado kinanyonya. Kofia ya tunda usiing'oe kwa nguvu, maana ndani yake ndimo lilimo chipukizi la majani. Likivunjika, umepanda fimbo. Kikague pia: chenye vitundu vya wadudu kitupe. Vilivyobaki viweke kivulini, vikiwa na unyevu, na visikae siku nyingi.

Ncha ndiyo inayotoa mizizi, basi iende chini. Kichomeke wima, theluthi moja ndani ya tope, mita moja toka kwa mwenzake. Kikiingia pungufu ya hapo wimbi litakizoa. Mahali pawe pale maji yanapojaa na kutoka; penye maji muda wote, hasa kwenye nyasi za bahari, mche huzama na kufa, hata ukipanda elfu.

Mchu, mti mwingine wa mikokoni, una namna yake. Mbegu yake nayo huota ingali mtini, lakini hailitoboi ganda la tunda, kwa hiyo mchu huitwa kriptovivipari, kwa neno la Kigiriki kryptos, kilichofichika. Loweka tunda lake mpaka ganda litoke, kisha uukandamize mche kidogo tu juu ya tope la kitalu. (Jina lake la kisayansi, Avicennia, ni Ibn Sina yule tabibu, kwa matamshi ya Kilatini.)

Mlilana, nao mti wa mikokoni, si vivipari kabisa. Tunda lake limejaa mbegu ndogo ndogo, na hapo ndipo neno mbegu lina haki yake: zikamue, zisafishe, uzimwage kitaluni.

Mpandaji mikoko,
Lamu