Mbwa Tuliyekuuzia Si Bubu

Malalamiko yanayotufikia kuliko mengine yote hapa bandani ni haya: "Mbwa nimemfikisha nyumbani, hali, habweki, kajificha chini ya gari. Mmeniuzia mbovu." Juzi kaka mmoja wa Pasua, Moshi, aliyasema kwa sauti mbele ya wateja wengine, akidai arudishiwe laki tatu na nusu zake. Mbwa alikuwa hajamaliza hata wiki kwake. Tumeona tuliandike jambo hili kwa kirefu, ili kila anayechukua mbwa kwetu ajue anachobeba.

Mtoto wa mbwa wa wiki nane hajawahi kulala peke yake. Amezoea joto la mama yake na kusukumana na ndugu zake. Leo anatolewa pale, anatiwa garini, anapandishwa Kibosho au anapelekwa Arusha, kisha anashushwa kwenye uwanja wenye harufu asizozijua, watoto wa nyumba nzima wakimgombania kumbeba. Akikimbilia chini ya gari, huyo ana akili timamu. Anapima kama mahali hapa ni salama.

Mtazame vizuri. Masikio yamelala nyuma, mkia umebanwa katikati ya miguu. Anajilamba pua na chakula hakipo, anapiga miayo na usingizi hana. Hizo ni dalili za hofu, na ukimvuta kwa nguvu wakati huo unamfundisha kwamba mkono wa mtu ni wa kuogopwa. Kaa chini hatua chache kutoka alipo, mpe ubavu, usimkodolee macho, umngoje aje mwenyewe kukunusa. Wengine huja jioni hiyohiyo, wengine huchukua siku tatu. Hata chakula, mara nyingi atakila mkishalala. Lakini akiharisha damu, akitapika mfululizo au akalegea kabisa, hapo usingoje kuzoea: mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kuhusu kubweka, tuelewane. Mtoto wa miezi miwili halindi nyumba. Kumbwekea mgeni getini huanza kuonekana akishafikisha miezi kadhaa, na ulinzi wa kweli hukomaa baada ya mwaka, kwa jamii kubwa kama German Shepherd hata karibu miaka miwili. Na ukimwona analala mchana kutwa usishtuke, umri huo hulala saa 18 hadi 20 kwa siku.

Kilio cha usiku ndicho kinachowachosha wengi, hasa Juni na Julai ambapo baridi ya huku hata sisi inatutoa machozi. Ndiyo maana kila mbwa anayetoka kwetu tunamfungia kipande cha kanga kuukuu ambacho mama yake alikilalia. Mama mmoja wa Rau alitupigia usiku wa pili akasema mtoto analia mpaka majirani wamelalamika. Tukamuuliza kile kitambaa kiko wapi. Alikuwa amekifua kwa sabuni ya unga na kukianika, kwa sababu kilinuka. Harufu ile ndiyo ilikuwa dawa yenyewe! Tulimpelekea kingine, mtoto akalala. Tafadhali msikifue kwa wiki mbili za kwanza, na boksi lake liwe mahali anaposikia watu wakipumua.

Sasa njia ya mkato. Watu wengi bado wanaamini kwamba mbwa akizoea watu hawi mkali, kwa hiyo siku ya kwanza tu anafungiwa kwenye banda la giza, chakula anasukumiwa kwa chini, na anafunguliwa usiku peke yake. Wengine wanamlisha pilipili. Pilipili inamuumiza tumbo, basi, hakuna ukali wowote inaouleta. Na lile banda la giza linamharibu mbwa kwa namna ambayo ni vigumu sana kuirekebisha, kwa sababu kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ndipo ubongo wake unapojifunza kipi ni cha kawaida duniani: bodaboda, watoto wanaokimbia, mwanamke mwenye ndoo kichwani, mvua juu ya bati. Asichokutana nacho kipindi hicho atakiogopa ukubwani, na mbwa mwoga mwenye meno kamili ndiye anayeuma ovyo.

Mteja wetu mmoja wa Njiro alimfungia wake namna hiyo, tukamwonya, akasema anataka mbwa, hataki mwanasesere. Mbwa alipokua hakumzuia mwizi hata mmoja, alikuwa akijikunyata nyuma ya tangi. Siku aliyouma, alimuuma binti wa nyumbani aliyekuwa anafagia. Na chanjo ya kichaa cha mbwa mwenye nyumba hakuwa ameirudia. Jeraha lilisafishwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kama inavyotakiwa, kisha zikaanza safari za hospitali na sindano za kurudiarudia. Jumla ya gharama ilipita bei ya mbwa, bila kuhesabu hofu ya yule binti, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza mtu haponi.

Mbwa mlinzi anayejua watu wa kwake ndiye anayemtambua mgeni. Wa kwetu wanabebwa, wanaguswa masikio na kucha, wanasikia redio na mashine ya kukata majani kabla hamjawaona. Hiyo ni kazi ya kila siku, na imo ndani ya bei.

Bei yenyewe tunaambiwa ni kubwa, kwamba kuna anayeuza elfu sitini kando ya barabara. Ni kweli yupo. Muulize ana wiki ngapi. Akimtoa kwa mama akiwa na wiki tano, anakwepa gharama ya chakula cha wiki tatu, dawa za minyoo na chanjo ya kwanza, na huyo mtoto hajafundishwa na ndugu zake kupunguza nguvu ya meno. Atakuumieni mikono miezi mingi. Akija na parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu na kutapika unaoua watoto wa mbwa, ni balaa zaidi, kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi kadhaa na sabuni ya kawaida hakiisikii. Tumewahi kuitwa Soweto, Moshi, kwa mtu aliyenunua wa bei rahisi, akafa, akaleta mwingine kwenye banda lilelile, naye akafa.

Wanaokuja kuchukua Jumamosi hii, njooni asubuhi mpate mchana mzima wa kumzoesha. Leteni boksi lenye matundu, msilete gunia. Mtapewa unga na dagaa wa siku tano, changanyeni taratibu na chakula chenu, na maziwa ya ng'ombe muyaache maana yatamharisha. Kadi ya chanjo isipotee: sindano zinazofuata zinaendelea mpaka wiki ya kumi na sita, na ya kichaa anachomwa akitimiza miezi mitatu. Mwezi wa kwanza tunakuja nyumbani mara moja bila malipo, iwe Moshi au Arusha. Ukiona jambo usilolielewa, tupigie kabla hujamfunga mnyororo.