Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria: tuonyesheni hesabu ya matunzo ya watoto

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Katuba, Lubumbashi, na ni mmoja wa wanaume wanaolipa matunzo ya watoto. Natanguliza hilo kwa sababu barua za namna hii huandikwa zaidi na akina mama ambao baba watoto amehamia Kolwezi na kuzima simu. Wao wana haki ya kulalamika kuliko mimi. Ila swali letu ni moja: kiasi kilichoandikwa kwenye hukumu kilitoka wapi?

Sheria ya familia ya 1987, hata baada ya kurekebishwa 2016, inamtaka juji (hakimu) aangalie mahitaji ya mtoto na uwezo wa anayedaiwa. Inasema pia kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, azaliwe ndani ya ndoa au nje. Sina ugomvi na hayo. Lakini namna ya kutoka kwenye mahitaji na uwezo hadi kufikia faranga haikuandikwa popote. Katika kesi yangu, mama wa watoto alitaja kiasi chake, mimi nikataja changu, juji akakata katikati. Hakuna aliyeuliza bei ya gunia la unga, wala makala ya kupikia, wala pesa ya shule. Mtindo huu watu wameshaujua mjini: mama hutaja mara mbili ya anachohitaji, baba hutaja nusu ya anachopata, na mwenye avoka (wakili) msemaji ndiye anayesogeza katikati upande wake.

Mji huu si mgeni wa hesabu, Mheshimiwa. Babu zetu waliofanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, walipewa posho ya chakula, na posho ilipimwa kwa kuangalia mke na watoto walioandikishwa. Ukipata mtoto, unamwandikisha, unga unaongezeka. Kampuni haikufanya hivyo kwa mapenzi. Ilitaka mfanyakazi mwenye nguvu ambaye hatahama. Hata hivyo mama wa kambi ya wafanyakazi alijua mapema atabeba nini siku ya posho, na akipunjwa alijua kwamba amepunjwa. Binti yake leo anatoka tribinali na karatasi yenye muhuri, na hawezi kujua kama amepunjwa.

Kwingine wamelimaliza tatizo hili kwa jedwali. Ufaransa, wizara kama yako imetoa jedwali la kumwongoza juji: kwanza unatoa kwenye mapato kiasi cha mzazi mwenyewe kujikimu, halafu kwenye kinachobaki, mtoto mmoja anayelelewa na mzazi mwingine anapata asilimia 13.5, wakiwa wawili, kila mmoja 11.5. Jedwali halimfungi juji, lakini akiliacha, watu wanaona ameliacha. Ujerumani wana jedwali la Düsseldorf tangu 1962, nalo linaangalia pia umri: miaka 0 hadi 5, 6 hadi 11, 12 hadi 17, na kiasi kinapanda kila hatua. Hilo la umri ndilo ninalolitamani zaidi. Hapa kwetu shule ya msingi ya serikali ilitangazwa bure tangu 2019, lakini mtoto akiingia sekondari pesa inaanza, wakati matunzo yake bado ni yale yaliyokatwa alipokuwa ananyonya.

Tafadhali msituletee asilimia za Paris zilivyo. Asilimia ya mapato inataka mapato yanayoonekana, na hapa wenye karatasi ya mshahara ni wachache. Mchimbaji wa shimoni, dereva wa pikipiki, mimi mwenyewe: wiki moja nachomelea milango mitatu, wiki inayofuata umeme hakuna na sipati kitu. Kwa watu kama sisi, juji aanze na mshahara wa chini wa kisheria kama sakafu, kisha apande kwa kuangalia yanayoonekana: nyumba, pikipiki, karakana, pesa zinazoingia kwa simu. Mwanaume anayejenga nyumba ya ghorofa huku akiapa kwamba hana kazi, sakafu hiyo haitamficha.

Halafu kuna faranga yenyewe. Mwaka 2018 mshahara wa chini ulipangwa faranga 7,075 kwa siku, zaidi ya dola 4 wakati huo. Kufikia 2024 faranga zile zile hazikufika dola 3. Hukumu ya faranga isiyo na njia ya kupanda inamnyima mtoto chakula kidogo kidogo, hata baba akilipa bila kukosa. Ya dola nayo inamkaba baba anayelipwa faranga. Mpange siku ya kila mwaka ya kurekebisha kiasi, bila kutulazimisha kufungua kesi upya na kulipa gharama upya.

Ninajua kwamba hesabu hiyo inaweza kuniongezea mzigo. Nitaubeba.

Ninachoomba ni jedwali la kuongoza majuji, bila kugusa uhuru wao, na katika kila hukumu mistari michache: mapato yaliyokubaliwa, mahitaji yaliyohesabiwa, kilichotolewa, kilichobaki. Jedwali libandikwe mlangoni mwa kila tribinali ya amani, kwa Kifaransa na kwa lugha ya mahali. Huku kwetu iwe Kiswahili, maana mama anayekuja na mtoto mgongoni hatakiwi kulipa mtu amsomee.

Kwa heshima,

Baba mmoja wa Katuba, Lubumbashi