Mgonjwa anayerudi irjansi apewe mtu wa kumfuata

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi, mgonjwa wa selimundu, pumu au kisukari akirudi irjansi, yaani idara ya dharura, mara kwa mara, kila zamu huanza naye upya: fishi (kadi) mpya, maswali yale yale, sindano, kisha nyumbani.

Tunaomba rejista ipitiwe kila Jumatatu. Aliyekuja mara 4 au zaidi ndani ya miezi 12 akabidhiwe muuguzi mmoja anayejulikana kwa jina. Muuguzi huyo aandike ukurasa mmoja tu: ugonjwa, dawa na dozi zake, dawa iliyowahi kumdhuru, kituo cha afya cha karibu, na namba 2 za simu, moja ya ndugu, maana namba hubadilika ovyo. Nakala ibaki irjansi, nyingine aende nayo mgonjwa. Ndani ya siku 7 atembelewe kwake, Katuba au Ruashi, na dawa zenyewe zitazamwe. Hapo ndipo sababu huonekana: insulini imeharibiwa na joto, au asidi ya foliki imekwisha na pesa hakuna.

Ziara peke yake haitoshi. Huko Camden, Marekani, jaribio la wagonjwa 800 lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba asilimia 62.3 ya waliofuatiliwa walilazwa tena ndani ya siku 180, wasiofuatiliwa, 61.7. Aliyechaguliwa katika mwaka wake mbaya kabisa mara nyingi hupunguza kuja hospitalini hata bila kufuatiliwa, kwa hiyo tusishangilie mapema. Fedha zianze na dawa, kabla ya semina na pikipiki.

Wauguzi wa Kenya, komini ya mji wa Lubumbashi