Barua ya Malalamiko: Mlinzi Wenu Alinipokonya Mwanangu Getini

Kwa Meneja Mkuu,
Bustani ya Michezo,
Malindi.

KUH: KUTENGANISHWA NA WATOTO WANGU KWENYE LANGO LENU LA UPEKUZI

Assalamu alaykum.

Ninaandika kwa adabu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, lakini msichukue adabu hii kuwa ishara kwamba nimetulia. Sijatulia. Taratibu za lango lenu mmezitunga wenyewe na mnazijua kuniliko, kwa hivyo nitazitaja kwa neno moja tu: wanaume wana foleni yao, wanawake yao, na watoto wanapitishwa peke yao kwenye mlango wao, upande wa pili wa wavu. Nataka mjue kilichotendwa kwa jina la taratibu hizo alasiri ya Idi Pili, nikiwa na mamangu mzazi, binti yangu wa miaka 9 na mwanangu wa kiume wa miaka 4.

Mlinzi wenu aliniambia: "Ungekuwa unampenda ungemshika."

Alinitamkia maneno hayo mwanangu yuko upande wa pili wa ule wavu, analia, ananiita, nami nimezuiwa nisipite. Na mkono wa mtoto yule ulikuwa ndani ya mkono wangu! Aliyeuchomoa ni mlinzi huyo huyo. Alisema "watoto wanapita kule", akamshika mtoto kifundo cha mkono, pale pale penye ile bangili yenu ya karatasi ya rangi ya chungwa, akamvuta, akamsukumia kwenye mlango wa watoto. Nilipopiga hatua kumfuata akaninyooshea kile kifaa cha kukagulia chuma, akanikinga njia. "Rudi kwenye mstari, mama." Nikamwambia mtoto ni mdogo, hapajui mahali hapa. Ndipo akanijibu hilo neno, kwa sauti, mbele ya foleni nzima, mbele ya watu wanaonijua na wasionijua.

Mengine yote ningeyabeba. Hilo limenikaa kooni.

Sipingi kupekuliwa. Mtu wa pwani ya leo hawezi kupinga. Tangu mashambulizi ya Westgate kule Nairobi, Septemba 2013, na ya Mpeketoni kule Lamu, Juni 2014, tumezoea kufungua mikoba yetu benki, supamaketi na hata hospitalini. Pale stesheni ya treni ya SGR, Miritini, Mombasa, tunapanga mizigo chini, mbwa wa polisi wananusa, kisha tunapita kwenye mashine, na nimepita pale na watoto hawa hawa bila mtu kunipokonya hata mmoja. Mzazi anaambiwa apite na mwanawe. Kumbe inawezekana.

Kwenu haikuwezekana kwa nini? Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, hilo ni jambo la sheria na la dini, na sina neno nalo. Lakini siku ya Idi Pili, siku ambayo mji mzima uko nje na watu wametoka Mambrui, Gede na Watamu kuleta watoto, mliweka mlinzi mmoja wa kike. Mmoja! Foleni ya wanawake ikasimama juani, ya wanaume ikawa inasonga, na mlango wa watoto ukawa unapitisha watoto mbio mbio kwa sababu mtoto hana mkoba wa kufunguliwa. Hapo ndipo familia zinapokatika. Mtoto yuko ndani tayari, mamake bado yuko nyuma na akina mama chungu nzima mbele yake. Wala sikuwa peke yangu. Kulikuwa na baba aliyeshapita, anamwita mkewe kwa jina juu ya vichwa vya watu akimuuliza mtoto yuko na nani, na mke hasikii.

Na watoto wenyewe mnawagawa tena, wavulana mkono huu, wasichana mkono ule. Binti yangu aliona nduguye anavutwa, akakimbia kumshika. Kijana wa mlangoni akamwambia, "Wewe msichana, kule." Mtoto wa miaka 9 abishane vipi na mtu mzima aliyevaa sare?

Mamangu ana ugonjwa wa sukari. Alikuwa na mkoba wake mdogo wa barafu, ndani yake insulini na sindano, kwa sababu tulikusudia kukaa mpaka magharibi na mzee hawezi kula bila dawa. Mlinzi wa kike alipouona akasema sindano haziingii. Nikamwonyesha kadi ya kliniki. Hakuisoma. Akauacha mkoba wazi juu ya meza, juani, akaenda kumtafuta mkubwa wake. Insulini ikipata joto inaharibika, mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani hahitaji kuambiwa. Haya yote yanatendeka wakati ule ule mwanangu anavutwa mlangoni. Niambieni basi nilitakiwa nifanye nini. Nimwache mama mzee amesimama na dawa yake inachomwa na jua, au nimwache mtoto apotelee ndani? Nyinyi ndio mlioniweka hapo, na nililipa kiingilio ili niwekwe hapo.

Tangu siku hiyo mwanangu halali mpaka mlango wa chumba uachwe wazi. Nikiingia kuoga anasimama nje, anaita, nisipoitika analia. Tuktuk ikikata kona kuingia barabara ya kwenu anaficha uso kwenye buibui langu. Dadake hasemi sana, ila usiku mmoja aliniuliza kama yeye ndiye aliyemwacha. Binti mdogo amebebeshwa lawama ambazo ni za walinzi wenu.

Na bwawa sijalitaja bado. Ramani ya mahali penu mnaijua: ukitoka mlango wa watoto, bembea ziko kushoto na bwawa la kuogelea liko moja kwa moja mbele yako. Hapana kizuizi katikati, wala mtu wa kuwapokea watoto wanaopita peke yao. Mwanangu hajui kuogelea. Aliponiona nimerudishwa nyuma aliacha wavu akaenda kunitafutia njia nyingine, na njia aliyoiona ni ya upande wa maji. Aliyemkuta ukingoni ni mama mmoja kutoka Gongoni, hanijui simjui, amekuja na wanawe kama mimi. Alimshika, akamfuta uso kwa leso yake, akasimama naye mpaka nikafika. Mwenyezi Mungu amlipe. Wafanyakazi wenu wenye fulana zenye nembo walikuwa wakipita hapo hapo, hakuna aliyeuliza mtoto huyu analia nini na ni wa nani. Ile bangili ina namba ya tiketi. Haina namba ya simu ya mzazi. Yaani inawaambia mtoto huyu amelipiwa, haiwaambii arudishwe kwa nani.

Narudi kwenye lile neno, kwa sababu nataka mlisikie lilivyotoka, wala sitaki mtu wa ofisini alipunguze akaliita "kutoelewana".

Nilisema hivi: "Kakangu, nakuomba, ni mdogo, nipitishe nimchukue, kisha unirudishe mnipekue mtakavyo." Nilimwita kakangu, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Mwanangu ameshikilia wavu, vidole vyake vimepenya upande wangu, navigusa lakini siwezi kuvishika. Amevaa kanzu nyeupe ya Idi, tuliyomshonea Ramadhani, na kanzu ile mbele ilikuwa imelowa. Alikuwa amejikojolea kwa hofu. Watu waliona. Kijana mmoja kwenye foleni ya wanaume akatoa simu akaanza kurekodi. Nikaomba tena, safari hii nalia. Mlinzi wenu akamtazama mtoto, akaitazama kanzu ilivyolowa, akanigeukia mimi: "Ungekuwa unampenda ungemshika." Na mwenzake akacheka. Kwa hivyo aliona. Aliona hali ya yule mtoto, ndipo akasema. Mamangu, mwanamke anayeheshimiwa mtaa mzima wa Shella, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Akajibiwa anyamaze, asicheleweshe watu.

Mtu mzima aliyemnyamazisha bibi wa watu namna hiyo bado anasimama kwenye lango lenu. Nimepata habari hiyo kwa jirani aliyekuja kwenu wiki iliyofuata.

Pale mapokezi nilipewa fomu ya maoni na kalamu isiyoandika. Baadaye ukaja ujumbe kwenye simu: poleni kwa usumbufu, mnatupa tiketi za bure za familia. Usumbufu ni stima kupotea. Mtoto wa miaka 4 kukutwa ukingoni mwa bwawa na mtu asiyemjua si usumbufu. Na tiketi za kurudi mahali ambapo mwanangu hataki hata kupita karibu napo ni za nini?

Nilipopiga simu nikaambiwa walinzi ni wa kampuni nyingine, niwatafute wao. Sikubali, na msithubutu kuniandikia hilo. Lango ni lenu. Fulana ina nembo yenu. Kiingilio nilikilipa kwa M-Pesa kwenye namba yenu, na jina lililotokea kwenye simu yangu ni lenu. Mliyemwajiri mnamjua, mimi namjua aliyenikinga njia. Tena Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 inataka mlinzi awe amesajiliwa na amefunzwa. Nataka kuona usajili wa wale wawili na mafunzo waliyopewa kuhusu watoto, kama yapo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo mawili: barua ya kuomba radhi kwangu na kwa mamangu, na pesa zangu za kiingilio. Kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi, maana wiki ijayo atakuja mama mwingine na mtoto mwingine. Nataka foleni ya familia, mzazi na wanawe wakaguliwe pamoja: mtu mzima mmoja atangulie, watoto wafuate, na mzazi akivutwa pembeni kwa sababu ya mkoba, mtoto wake avutwe naye. Hilo halihitaji mashine wala mkopo wa benki. Nataka walinzi wa kike wa kutosha siku za sikukuu. Dawa ya mgonjwa iwekwe kivulini ikiwa inasubiri mkubwa wenu. Bangili ya mtoto iandikwe namba ya simu ya mzazi. Nataka yule mlinzi aondolewe getini, na mwenzake aliyecheka aondoke naye. Na mpaka haya yafanyike, ule mlango wa watoto ufungwe. Ufungwe kabisa. Mlango unaomtoa mtoto kwenye mkono wa mamake na kumpeleka kwenye maji hauna kazi katika mji huu.

Gharama za kumpeleka mwanangu kwa mshauri wa watoto mtazilipa nyinyi. Nitawaletea risiti.

Picha za kamera za usalama za alasiri ile msizifute. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inanipa haki ya kuomba taarifa zinazonihusu, na kwa barua hii ninaziomba. Mkiniambia zimepotea nitaelewa maana yake, na hakimu ataelewa pia.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Haikusema isipokuwa siku za msongamano. Kifungu cha 46 kinanipa mimi mteja haki ya kulindwa usalama wangu na kulipwa fidia nikidhurika. Mna wakili, mwulizeni.

Nilitaka kuwapa siku 14. Jana usiku mwanangu aliamka tena akipiga kelele "mama nifungulie", kwa hivyo nawapa siku 7. Zikipita bila jibu, barua hii itakwenda kwa afisa wa watoto hapa Malindi, kwa mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi na kwa mamlaka ya kudhibiti utalii, yote kwa siku moja. Ripoti nitaiweka pia kwenye simu ya msaada kwa watoto, 116. Kisha tutakutana mahakamani, na sitaomba tena pesa za kiingilio.

Jambo la mwisho. Yule kijana aliyekuwa akirekodi amenitumia video. Sijaitoa, kwa kuwa mwanangu anaonekana na ile kanzu, na sitaki aibu ya mtoto ichezewe na watu kwenye simu zao. Lakini kuna sehemu ambayo mtoto haonekani. Anaonekana mlinzi wenu, na sauti yake inasikika wazi kila neno, na cheko la mwenzake nyuma yake. Sehemu hiyo naweza kuitoa bila kumdhuru mwanangu.

Nasubiri barua iliyotiwa saini na meneja mwenyewe. Ujumbe wa simu sitaujibu.

Wenu,
Mama wa watoto wawili,
Shella, Malindi.